Kifungo kimeisha, mahakama bado iko mlangoni: usimamizi baada ya kifungo ni kinga au adhabu ya pili?

#1 Nukta_Mkato (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Mtu kahukumiwa miaka 8, kaitumikia yote 8, hadaiwi hata siku moja. Wiki ya kutoka, serikali inakwenda mahakamani. Haina kosa jipya la kumshitaki, inasema tu "huyu bado ni hatari", na jaji anampa amri ya usimamizi ya miaka 5: kikuku cha GPS mguuni, ratiba ya matembezi kila wiki, kuhama hadi aombe ruhusa. Akikosea sharti moja anarudi ndani. Mimi nasema hii ni adhabu ya pili kwa kosa lile lile, wamebadilisha jina tu. Anayepinga aje na vifungu, hasira aziache nyumbani.

#2 Bawabu
Napinga. Kwanza tutenganishe mambo, maana humu yatachanganywa. Parole ni mtu yuko nje huku kifungo bado kinahesabika. Probesheni ni amri badala ya kwenda ndani. Hii unayoisema inaanza kifungo kikiwa kimekwisha kabisa, chini ya sheria inayojitegemea. Kwa mfano New South Wales, Australia, sheria ni ya 2006, mwanzoni kwa makosa ya ngono peke yake, na mwaka 2013 wakaingiza makosa makubwa ya ukatili. Shauri linaendeshwa kama la madai. Mahakama lazima iridhike, kwa kiwango cha juu cha uwezekano, kwamba mtu huyu ana hatari isiyokubalika ya kutenda kosa jingine zito asiposimamiwa. Swali ni la kesho yake. La jana lilishahukumiwa.

#3 Kitasa
Shauri la madai ambalo ukishindwa unavalishwa kikuku. Haya.

#4 Mama_Jalada
Mleta uzi, hiyo "wiki ya kutoka" si sahihi. New South Wales maombi yanafunguliwa ndani ya miezi 9 ya mwisho ya kifungo au ya usimamizi uliopo. Queensland, jimbo jingine la Australia, chini ya sheria yao ya 2003, ni miezi 6 ya mwisho. Na kazi ya ofisini inaanza mapema zaidi ya hapo. Kwa kawaida mambo huenda hivi:

Orodha ya wanaokaribia kutoka inachujwa kwa aina ya kosa. Anayebaki anafunguliwa jalada: hukumu zote za nyuma na sababu za jaji alipotoa adhabu, taarifa za mwenendo gerezani, taarifa za mafunzo ya tiba aliyomaliza au kuacha, na tathmini ya mtaalamu wa ndani. Maombi yanakwenda na hati za viapo. Kwenye usikilizwaji wa awali jaji anajiuliza: haya yaliyoandikwa, yakithibitishwa, yanatosha kutoa amri? Yakitosha anateua wataalamu wawili wa magonjwa ya akili au saikolojia, kila mmoja amchunguze mjibu maombi kivyake na aandike ripoti yake. Kifungo kikiisha kabla ya shauri kusikilizwa, kuna amri ya muda ya siku 28, inaweza kurudiwa ila jumla isizidi miezi 3. Ndipo usikilizwaji wa mwisho.

Mambo huharibika kwenye jalada. Maelezo ya kosa la miaka ishirini nyuma yanakuwa yamenakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti, na kila mwandishi kaongeza neno lake. "Alimsukuma" inakuwa "alimshambulia", na kufikia ripoti ya nne ni "shambulio kali". Wakili mzuri haanzi kubishana na mtaalamu. Anaanza kwa kutafuta nakala ya kwanza kabisa.

#5 Msumari_wa_Moto
Mama_Jalada umemaliza. Mimi niongeze njia iliyopitwa, kwa sababu hoja ya #1 imeshafika mahakama kubwa na majibu hayafanani.

Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Australia (huko ndiyo ya juu kabisa) ilitupa sheria ya New South Wales iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu (shauri la Kable). Queensland wakajifunza, wakaandika ya kwao ya 2003 bila kumlenga mtu, na mwaka 2004 mahakama hiyo hiyo ikaipitisha katika shauri la Fardon: kumzuia mtu kwa ajili ya usalama si adhabu. Mwaka 2010 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema kinyume, kwamba kumshikilia gerezani baada ya kifungo ni kumnyima uhuru kiholela. Ulaya, Desemba 2009, katika shauri la M dhidi ya Ujerumani, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg ikasema kizuizi cha kinga cha Wajerumani ni adhabu hata kama sheria yao inakiita jina jingine, na Mei 2011 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikakifumua. New Zealand mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba hata amri za usimamizi, achilia mbali kizuizi, zinagongana na haki ya kutoadhibiwa mara mbili.

Kwa hiyo ukiuliza "ni adhabu?", jibu linategemea umesimama mlango wa mahakama ipi.

#6 Bawabu
Msumari, nondo nzuri, ila umeweka chungu mbili kwenye jiko moja. Fardon na M ni KIZUIZI: mtu anabaki ndani. Uzi huu ni wa usimamizi nje. New Zealand ndiyo pekee kati ya hizo inayomgusa mleta uzi moja kwa moja.

#7 Msumari_wa_Moto
Nakubali, ila si bure nimeziweka pamoja. Sheria nyingi zinaweka vyote viwili kwenye kitabu kimoja, na ukikiuka usimamizi serikali inaweza kuomba kizuizi. Ni ngazi moja yenye vidato viwili.

#8 Dada_Sharti
Kuna tofauti nyingine hamjaigusa: amri inatolewa LINI. Kanada, tangu 1997, jaji anamtangaza mtu kuwa mkosaji wa muda mrefu siku ile ile ya hukumu, na usimamizi wa hadi miaka 10 unaanza kifungo kikiisha. Mtu anajua tangu siku ya kwanza. Kenya nayo iko upande huo: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, kifungu cha 39, mahakama inaweza kumtangaza mtu mkosaji hatari na kuamuru usimamizi wa muda mrefu atakapotoka, kama sehemu ya adhabu. Australia na New Zealand wanasubiri mwisho. Ujerumani ndiyo ya ajabu zaidi. Huko kuna usimamizi unaokuja wenyewe kwa sheria: ukitumikia kikamilifu kifungo cha miaka 2 au zaidi kwa kosa la kukusudia (mwaka 1 kwa makosa ya ngono), unaingia moja kwa moja, kwa kawaida miaka 2 hadi 5, isipokuwa mahakama iseme hauhitajiki.

Wa mwanzo una ubaya wake: jaji anatabiri hali ya mtu miaka kumi mbele. Wa mwisho nao: mfungwa anakaa miaka yote hajui kama tarehe ya kutoka ni tarehe kweli.

#9 Nukta_Mkato
Dada_Sharti asante. Sasa huo wa siku ya hukumu mimi sina ugomvi nao kabisa, kwa sababu unakiri kwamba ni sehemu ya adhabu. Ugomvi wangu ni ule wa kuvizia.

#10 Kokotoa
Mnabishana sheria, mimi nina ugomvi na hesabu. Chukua mfano wa kubuni: watu 1,000 wanatoka, na 100 kati yao watarudia kosa zito. Una kipimo kizuri kinachowakamata 70 kati ya hao 100, na kinakosea kwa robo tu ya wale 900 wengine. Robo ya 900 ni 225. Jumla ya waliopewa alama ya "hatari" ni 295, na wenye hatari kweli ni 70. Yaani chini ya mmoja kati ya wanne. Watatu wanavaa kikuku kwa ajili ya mmoja, na hakuna anayejua ni yupi.

Hali hii haiponi kwa kuleta mtaalamu mahiri zaidi. Inatokana na uhaba wa tukio lenyewe. Kadiri kosa lilivyo adimu, ndivyo waliosingiziwa wanavyowazidi waliokamatwa.

#11 Bawabu
Kokotoa, hesabu yako ni sawa ila hakuna jaji anayetumia kipimo kimoja kama chujio la chai. Na umesahau upande wa pili: wanaorudia kosa bila kugundulika hawamo kwenye takwimu yoyote. Hiyo 100 yako ni ya waliokamatwa.

#12 Kokotoa
Na wewe umesahau kwamba wanaosimamiwa ndio wanaotazamwa saa 24, kwa hiyo wao ndio wanaogundulika zaidi. Tukianza kuhesabu vivuli hatumalizi leo.

#13 Mama_Jalada
Ngoja niwaoneshe kipimo chenyewe kilivyo, maana kinasemwa sana na wasiokiona. Static-99R, kwa wanaume watu wazima wenye makosa ya ngono, kina vipengele 10: umri anapotoka, kama aliwahi kuishi na mwenzi miaka miwili, makosa ya ukatili yasiyo ya ngono, idadi ya makosa ya ngono ya nyuma, mara alizopewa adhabu, kama mwathirika ni ndugu, ni mgeni kwake, ni mwanamume, na kadhalika. Jumla inakwenda kutoka -3 hadi 12. Kuanzia 6 ndiyo ngazi ya juu kabisa.

Sasa tazama kipengele cha umri. Chini ya miaka 35 unaongezewa 1. Kuanzia 35 hadi kabla ya 40 ni sifuri. Kuanzia 40 unapunguziwa 1. Kuanzia 60 unapunguziwa 3. Mtu mwenye alama 6 akiwa na miaka 59 akichelewa kutoka hadi siku yake ya kuzaliwa, anatoka na 4. Hakusoma, hakutibiwa, hakutubu. Kapuliza mshumaa tu. Takwimu iko sahihi kwa kundi, lakini kwa huyu mmoja jaji anaangalia keki.

Ndiyo maana kipimo hiki hakitakiwi kusimama peke yake. STABLE-2007 yenye vipengele 13 inaangalia vinavyoweza kubadilika: marafiki, uwezo wa kutatua matatizo, ushirikiano na msimamizi. ACUTE-2007 ina 7 vya hali ya sasa, na msimamizi anaijaza kila wanapokutana. Kwa ukatili wa kawaida wanatumia HCR-20, vipengele 20, hiyo haina alama ya kukatia, kwamba ukiifika wewe ni hatari: mtaalamu anapima, kisha anaandika mtu huyu anaweza kufanya nini, kwa nani, katika hali gani. Ripoti isiyo na sehemu hiyo ya mwisho ni ya kurudisha.

#14 Kitasa
"Jaji anaangalia keki." Uzi ufungwe, tumeshapata mshindi.

#15 Chembe
Usifungwe bado. Kokotoa kuna tatizo jingine karibu na lako: neno. Victoria, nako ni Australia, sheria ya awali ya 2005 ilitaka mtu awe na uwezekano wa kurudia. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani kule (shauri la RJE) ikasema uwezekano maana yake angalau zaidi ya nusu kwa nusu. Kwa hesabu ya #10 karibu hakuna anayefika hapo! Bunge likabadilisha sheria mwaka uliofuata: hata chini ya nusu inatosha. Siku hizi wanasema "hatari isiyokubalika", na hilo halina namba kabisa. Asilimia 15 ya kosa dogo inavumilika. Asilimia 15 ya kuua je?

#16 Fundi_Ishara
Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyegusa kikuku chenyewe. Mnakizungumza kama vile ni jicho la Mungu.

Kikuku kinapokea ishara za setilaiti, kinahesabu kilipo, kisha kinatuma kwa mtandao wa simu. Hatua mbili, na kila moja hufa kivyake. Uwanja wazi kinakosea mita chache. Katikati ya majengo marefu ishara inagonga ukuta kwanza ndipo ifike, na kwenye ramani mtu "anaruka" barabara ya pili makumi ya mita, huku amekaa kitini. Ndani ya jengo la zege au chini ya ardhi hakuna kitu. Kwa hiyo wengi wanaweka na kifaa cha redio nyumbani, ili usiku usitegemee setilaiti.

Betri ndiyo mama wa tahadhari zote. Kinachajiwa kikiwa mguuni, mtu kakaa karibu na soketi saa moja au mbili kila siku. Akisinzia waya ukachomoka, saa tisa usiku kituo kinapokea "betri chini". Je, ni ukiukaji? Kwa maandishi, ndiyo. Mkanda nao una waya wa kugundua kukatwa, na jasho, buti au kuugonga mlangoni vinaweza kuupigisha kelele. Opereta anaanza kwa kupiga simu. Asipopokelewa ndipo anatumwa mtu.

Na kikuku hakizuii kosa. Kinasema mtu yupo wapi. Hakisemi anafanya nini, wala yuko na nani.

#17 Dada_Sharti
Hapo kwa Fundi ndipo sharti linapoharibika. Chukua sharti "asikaribie shule". Karibu ni wapi? Sharti la kutekelezeka linataja umbali, linataja unapimwa kutoka mpaka wa nje wa kiwanja au langoni, na linasema kama kupita ndani ya basi bila kushuka ni ukiukaji. Kwenye mfumo kuna eneo la katazo na nje yake mkanda wa tahadhari, mtu akiingia mkanda anapigiwa simu kabla hajavuka. Ukichora eneo kubwa mno, barabara kuu inapita katikati na kila safari ya kwenda kliniki inapiga king'ora. Baada ya king'ora cha mia opereta anaacha kushituka, na cha mia na moja ndicho cha kweli.

Ratiba ya matembezi ni hivyo hivyo. Mtu anawasilisha wiki nzima mapema: saa, anwani, usafiri. Daktari akibadilisha miadi, ratiba nzima imekufa. Masharti arobaini au hamsini kwenye amri moja si ajabu, na mengine yamebandikwa kutoka amri ya mtu mwingine: aliyekunywa pombe mara ya mwisho ujanani anapimwa pombe. Kila sharti lijibu swali moja: linakata njia ipi ya kwenda kwenye kosa? Lisilojibu ni mtego tu.

#18 Nukta_Mkato
Mtego! Neno hilo hilo. Na adhabu ya kunasa?

#19 Chembe
New South Wales hadi miaka 5. New Zealand hadi miaka 2. Ujerumani hadi miaka 3. Kanada kwa amri ya muda mrefu hadi 10. Hizo ni za juu kabisa, si za kila siku.

#20 Mlezi_wa_Kati
Wote mmekwepa chanzo. Mtu anafika mwisho wa kifungo "hajatibiwa" kwa sababu foleni ya mafunzo ni ndefu na nafasi hupewa wanaokaribia kutoka. Mwingine anakana kosa, na mafunzo mengi hayampokei anayekana. Kisha ripoti inaandika "ana mahitaji ya tiba ambayo hayajashughulikiwa" kana kwamba ni kosa lake. Usimamizi ni deni la gereza, analipishwa mfungwa.

#21 Bawabu
Mlezi, kwa wengine ni kweli. Ila wapo waliopewa nafasi mara tatu wakakataa mara tatu. Na wapo waliomaliza kila kitu na bado wataalamu wote wawili wanasema hatari haijashuka. Hao utawafanyaje, uwaage kwa mkono langoni?

#22 Mlezi_wa_Kati
Siwaagi. Nawapa nyumba kwanza. Kinachoangusha amri nyingi ni makazi: ukishatoa maeneo ya katazo kwenye ramani hakuna pa kukaa. Victoria waliishia kujenga Corella Place kule Ararat, vijumba nje ya ukuta wa gereza. Kisheria wako nje, wakichungulia dirishani wanaona gereza. Kanada nako, tangu 1994, kuna duara la kumzunguka mtu: raia 4 hadi 6 wa kujitolea, na nyuma yao wataalamu. Wanamsindikiza benki, wanamuuliza usoni anapoanza kujitenga. Kujitenga ndiyo dalili ya mapema, na hakuna kikuku kinachoipima.

#23 Kitasa
Fundi_Ishara, kuna modeli mpya inapima upweke?

#24 Fundi_Ishara
Ipo. Inaitwa jirani.

#25 Kokotoa
Kitu kimoja cha upande wa Bawabu, nisionekane mbishi wa kununuliwa. Utafiti wa Hanson na wenzake wa 2014 ulionesha kwamba hatari ya mkosaji wa ngono inashuka karibu nusu kwa kila miaka 5 anayokaa uraiani bila kosa, na kushuka kunaonekana zaidi kwa walioanza juu kabisa. Kwa hiyo miaka ya kwanza ndiyo ya moto, na usimamizi wa miaka michache una mantiki. Usio na mantiki ni wa kuongezwa na kuongezwa kwa alama zile zile za siku ya kwanza.

#26 Nukta_Mkato
Sasa nijibuni hili. Mtu ana amri ya miaka 5. Mwaka wa pili anakiuka sharti la simu, anafungwa miezi 8. Saa ya amri inaendelea kutembea akiwa ndani?

#27 Mama_Jalada
New South Wales haitembei. Amri inasimama akiwa kizuizini, na muda uliosimama unaongezwa mwishoni. Miaka 5 yako inakuwa 5 na miezi 8. Na serikali inaweza kuomba amri mpya kabla ya hii kuisha.

#28 Nukta_Mkato
Na ile miaka mitano ya Kokotoa ya kukaa uraiani bila kosa, nayo inasimama?

#29 Kokotoa
Ndani si uraiani, kwa hiyo miezi 8 haihesabiki. Kama kukiuka sharti la simu kunaihesabu upya kutoka sifuri, hapo mtaalamu wa kwanza atakuambia ndiyo, amevunja sheria, na wa pili atakuambia simu si kosa la ngono. Ndiyo sababu wanateuliwa wawili 😂

#30 Bawabu
Wanateuliwa wawili ili jaji aone tofauti yao. Ila Nukta, hilo la simu nakupa. Mimi ningelitoa kwenye amri, labda kosa lake la kwanza liwe lilianzia kwenye simu.

#31 Dada_Sharti
Na kama lilianzia kwenye simu, andika: namba ngapi, kifaa kipi, nani anakagua na kila baada ya siku ngapi. "Asitumie simu vibaya" siyo sharti.